Miaka Minane ya Kuwasikiliza Watoto Wakisoma

Mwaka 2011, nikiwa nimemaliza chuo na sijapata ajira, nilijiunga na vijana wa kujitolea waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto kusoma na kuhesabu katika upimaji wa Uwezo. Upimaji huo ulikuwa umeanza Tanzania mwaka mmoja kabla, kwa kufuata mfano wa India, ambako kazi ya namna hiyo ilikuwa ikifanywa tangu 2005. Utaratibu wake haukuwa mgumu: katika kila wilaya vilichaguliwa vijiji 30, katika kila kijiji kaya 20, na watoto wa umri wa kwenda shule waliokutwa katika kaya hizo walipewa karatasi za kusoma za kiwango cha darasa la pili, hata kama mtoto mwenyewe alikuwa yuko darasa la saba. Mimi na mwenzangu tulipangiwa kijiji kimoja cha bara katika mkoa wa Lindi, wakati wa mavuno ya ufuta.

Katika kaya ya tatu au ya nne tulimkuta bibi mmoja akipepeta ufuta barazani. Tulipomwamkia na kumweleza shida yetu, alifurahi, akamwita mjukuu wake aliyekuwa darasa la tatu. "Huyu anasoma sana, wanangu," alisema. "Kila jioni ananisomea." Kijana alikuja na kitabu chake mwenyewe kabla hatujampa karatasi yetu, akakaa kwenye mkeka, akafungua ukurasa na kuanza kusoma kwa sauti kubwa, bila kusita, akishuka kutoka sentensi hadi sentensi kama mtu anayeimba kaswida aliyoizoea. Bibi aliacha ungo wake akawa anamsikiliza. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pa mtoto, na kwa kuwa nilikuwa karibu niliona kwamba macho yake hayakuwa kitabuni, bali yalikuwa yanatazama makuti ya paa. Nikaweka kidole chini ya neno moja katikati ya ukurasa, nikamwuliza neno lile ni lipi. Alilitazama kidogo, kisha akarudi mwanzo kabisa wa ukurasa, akaanza kutaja tena kimoyomoyo huku midomo yake ikicheza na kidole chake kikiruka neno kwa neno, hadi alipofika mahali kidole changu kilipokuwa. Hapo ndipo alipolitaja, na alilitaja sawasawa. Nilipomwonyesha neno lilelile katika karatasi yetu, ambako halikuwa na ukurasa wa kuhesabia, alinyamaza.

Tulitakiwa kumweleza mzazi matokeo palepale, kwa hiyo nilimweleza bibi, nikichagua maneno kwa uangalifu ili nisimwaibishe mtoto. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku ile. Alisema kwamba yeye alijifunza kusoma ukubwani, katika kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu Nyerere, chini ya mwembe, baada ya kutoka shambani, na kwamba mwalimu wao alikuwa kijana wa darasa la saba asiyekuwa na mafunzo yoyote ya ualimu, lakini kila mmoja wao aliitwa mbele akasoma neno lililoelekezwa kwa fimbo ubaoni. "Huyu wangu," aliuliza, "kuna mtu aliyemwita mbele akamsikiliza?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Miaka iliyofuata niliitumia kulitafuta jibu hilo, na ninaweza kusema kwamba karibu kila nilichojifunza katika kazi ya shirika la elimu kilikuwa namna moja au nyingine ya kurudi kwenye swali lile.

Januari 2013 niliajiriwa kuwa afisa mradi katika shirika moja lisilo la kiserikali lililokuwa likiwasaidia walimu wa darasa la kwanza na la pili. Wengi mtaani walidhani nimepata kazi ya mshahara mnono na gari la kiyoyozi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na pikipiki, kofia ngumu, koti la mvua na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa ajira yetu ilifuata ruzuku, na ruzuku ilifuata andiko la mradi. Kila ilipofika Oktoba, wafanyakazi tulianza kuulizana kwa sauti ya chini kama mfadhili ameshajibu. Sitaki kulalamika juu ya hilo zaidi ya kusema kwamba ni vigumu kumhimiza mwalimu apange mambo ya miaka mitano ilhali wewe mwenyewe hujui kama Machi utakuwa na ofisi.

Kazi yenyewe iligawanyika sehemu mbili, na sehemu hizo hazikuwa na uzito sawa. Kulikuwa na siku za shuleni na siku za karatasi. Siku za karatasi tulijaza fomu za mahudhurio, tukabandika risiti, tukaandika ripoti ya robo mwaka yenye viashiria: walimu wangapi wamepata mafunzo, vitabu vingapi vimegawiwa, wanufaika wangapi wamefikiwa, wa kike wangapi na wa kiume wangapi. Hesabu hizo zina haki yake, kwa sababu fedha ni za watu na lazima zitolewe maelezo. Lakini nilikuja kugundua kwamba katika karatasi zote tulizojaza mwaka wa kwanza hapakuwa na hata moja iliyomtaka mtu akae na mtoto amsikilize akisoma. Tulihesabu vyote vilivyokuwa njiani kuelekea kwa mtoto, lakini kwa mtoto mwenyewe hatukufika.

Mafunzo yetu ya kwanza tuliyafanya katika ukumbi wa mjini. Walimu walisafiri kutoka mbali, wengine kwa bodaboda hadi barabara kuu na kisha kwa basi, wakalala nyumba za wageni, na siku ya kwanza nusu ya asubuhi ilikwenda katika kuuliza na kujibu maswali ya posho. Nilikasirika moyoni. Niliona kana kwamba walimu wale hawakuwa na habari na watoto. Jioni ile mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima kuliko mimi, aliniita pembeni akanifafanulia kwa upole kwamba alikuwa ameacha mtoto mchanga kwa jirani, amekopa nauli, na nyumba ya wageni ilidai fedha taslimu kabla ya kumpa ufunguo. "Mwanangu," aliniambia, "mtu hawezi kuimba silabi huku anawaza atalala wapi." Kuanzia mwaka wa pili tuliacha ukumbi wa mjini. Tulikwenda kuketi na walimu shuleni kwao, siku moja katika wiki, baada ya watoto wa madarasa ya chini kuondoka saa sita, tukifundishana kwa kutumia watoto wachache waliobaki. Gharama ilipungua, maswali ya posho yakaisha yenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaona mwalimu akijaribu njia mpya mbele ya mtoto halisi, akashindwa, akajaribu tena.

Ilitusaidia pia kwamba mwaka 2015 serikali ilileta mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili uliojikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu, ambao walimu wote huuita KKK. Kabla yake watoto wa darasa la kwanza walikuwa na masomo mengi, na kipindi cha kusoma kilibanwa katikati ya vingine. Baada yake, mwalimu alikuwa na ruhusa, na tena wajibu, wa kutumia sehemu kubwa ya siku katika sauti za herufi na silabi. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa anayejifunza kusoma, kwani kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika "ba, be, bi, bo, bu" na ndugu zake, amepata ufunguo wa milango mingi. Ugumu huja baadaye, kwenye "mbw" na "nyw" na "ng'", ambako niliwaona watoto werevu wakisimama kama wamekutana na ukuta. Yule mjukuu wa bibi hakuwahi kupewa hata ufunguo wa kwanza. Alipewa ukurasa mzima aukariri, naye kwa bidii yake yote akaukariri.

Jambo ambalo ningependa kulisimulia kwa urefu ni la vitabu, kwa sababu ndilo lililonibadilisha zaidi. Mwaka 2014 tuligawa vitabu vya hadithi vyenye picha za rangi, vitabu vizuri, na katika ripoti tuliandika idadi yake kwa fahari. Miezi minne baadaye nilifika katika shule moja nikawaomba watoto wa darasa la pili waniletee kitabu wanachokipenda. Walitazamana. Mwalimu wao aliona haya, akanipeleka ofisini kwa mwalimu mkuu, naye akafungua kufuli la kabati la chuma. Vitabu vilikuwa ndani, vimepangwa kwa ukubwa, vimepigwa muhuri wa shule, vimeandikwa namba kwa wino mwekundu, na vilikuwa bado vinanuka upya. Hakuna mtoto aliyekuwa amevigusa.

Nilitoka pale na hasira, na usiku ule niliandika barua pepe kali kwa mkuu wangu nikimlaumu mwalimu mkuu yule kwa uzembe. Mkuu wangu, ambaye alikuwa amefundisha miaka mingi kabla ya kuingia katika mashirika, hakunijibu kwa maandishi. Alinipigia simu asubuhi akaniuliza swali moja: "Ulimwuliza kwa nini?" Sikuwa nimemwuliza. Nilirudi. Mwalimu mkuu alinikaribisha chai, akanionyesha leja ya mali za shule, akaeleza kwamba kila kitabu kinapoingia shuleni kinakuwa mali ya serikali yenye namba, kwamba mkaguzi akija atakihesabu, na kwamba aliwahi kufanya kazi chini ya mwalimu mkuu aliyelazimishwa kulipa vitabu vilivyopotea kutoka mfukoni mwake. Alisema kwa utulivu, bila kujitetea, kwamba kitabu kinachosomwa na watoto 80 wa darasa la pili kitachanika, hilo halina mjadala, na kwamba hakuna karatasi yoyote iliyomwambia kuchanika kwa namna hiyo si kosa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kabati lile halikufungwa na uzembe. Lilifungwa na woga, na woga ule ulikuwa na sababu iliyoandikwa. Tulichukua muda wa miezi miwili, tukazungumza na ofisi ya elimu ya wilaya, na hatimaye ikapatikana barua ya nusu ukurasa yenye muhuri, ikieleza kwamba vitabu vya hadithi vya madarasa ya chini ni vya kutumika, na kwamba uchakavu wake utaandikwa katika leja kama matumizi ya kawaida. Nusu ukurasa ile haikugharimu mradi hata shilingi moja ya maana, na ilifungua makabati ambayo mafunzo yetu yote yasingeyafungua. Katika ripoti ya robo mwaka ile hatukuwa na mahali pa kuiandika, kwa sababu haikuwa katika viashiria. Niliiandika mwishoni, chini ya "mengineyo". Mwaka uliofuata nilianza kufurahi nilipoona kitabu chenye jalada lililoshonwa kwa uzi, na nikawafundisha vijana wapya wa ofisini kwamba kitabu kisafi baada ya mwaka ni habari mbaya.

Kuna kosa jingine ambalo halikurekebishika kwa barua. Ofisi ya makao makuu ilituomba hadithi ya mafanikio na picha kwa ajili ya kijitabu cha kuwaonyesha wafadhili. Nilimchagua binti mmoja wa darasa la pili aliyekuwa amesonga mbele sana katika kusoma, aliyelelewa na bibi na shangazi yake baada ya mama yake kufariki. Bibi alitia sahihi fomu ya ridhaa. Niliandika habari zake vizuri, au nilidhani hivyo, kisha maelezo yangu yakapita katika mikono mingine, na kijitabu kilipotoka kilimwita binti yule yatima asiye na msaada, ambaye maisha yake yalikuwa giza kabla mradi haujamfikia. Nami, kwa furaha ya kuona picha iliyochapwa kwenye karatasi nzuri, nilimpelekea nakala bila kuisoma hadi mwisho. Bibi alimpa mjukuu amsomee. Alikisoma chote kwa sauti, kwa ufasaha, neno kwa neno, pamoja na sentensi ile. Bibi alinitazama akaniuliza: "Mimi si msaada, mwanangu?"

Niliomba radhi, naye alinisamehe kwa ukarimu ambao sikustahili. Kijitabu kilikuwa kimeshasambazwa. Tangu siku ile sikupeleka maelezo ya mtu yeyote ofisini kabla ya kumsomea mwenyewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na kumpa nafasi ya kufuta. Wengine walifuta nusu yake. Kuna wenzangu walioona ninachelewesha kazi, na ni kweli niliichelewesha. Bado naamini kwamba mtu anayechangisha fedha kwa jina la mtoto hana ruhusa ya kumnyang'anya mtoto huyo watu wake.

Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa, shule zetu zilifurika. Katika shule moja niliyoifahamu vizuri, darasa la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, wengine wamekaa sakafuni hadi miguuni pa mwalimu, wengine dirishani. Ruzuku ya uendeshaji ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ilibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, kwa hiyo iliyoingia katika akaunti ya shule ilikuwa shilingi 6,000, yaani 500 kwa mwezi kwa kila mtoto. Sisemi hayo kwa kulaumu, maana nilishuhudia wazazi waliokuwa hawajawahi kukanyaga ofisi ya mwalimu wakiwaleta watoto watatu kwa mpigo, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Nasema kwa sababu mafunzo yetu yote yalikuwa yamebuniwa kwa darasa la watoto 45. Nilisimama nyuma ya chumba kile na mwongozo wangu wenye hatua saba, nikaona aibu kuufungua.

Aliyetutoa hapo alikuwa mwalimu wa darasa lile. Aliwagawa watoto si kwa umri, wala kwa mahali walipokaa, bali kwa kile walichoweza kusoma. Wasiojua herufi waliketi chini ya mwembe na mwanafunzi wa darasa la sita aliyekuwa na kadi za maboksi, wanaojua silabi walibaki na yeye mwenyewe, na waliokwisha kusoma sentensi alipewa kila mmoja rafiki wa kumsomea. Kila siku aliwaita watoto kumi, mmoja mmoja, mezani kwake, akawasikiliza kwa dakika isiyozidi moja, kisha akaweka alama katika daftari la kawaida la mistari. Kwa hesabu yake, kila mtoto alisikilizwa mara moja katika wiki mbili na ushee. Mara moja katika wiki mbili si nyingi, ila yule kijana wa mwaka 2011 hakuipata hata moja katika miaka mitatu. Tuliacha mwongozo wa hatua saba, tukasambaza daftari lile la mistari kwa shule nyingine, nami nilihakikisha kila tuliposambaza tunasema limetoka kwa mwalimu, si kwetu.

Mradi ulipaswa kuendelea hadi mwisho wa 2021. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, zikafunguliwa mwishoni mwa Juni, na katika miezi hiyo mfadhili mkuu alibadilisha vipaumbele vyake. Tuliarifiwa kwa barua ya kurasa mbili kwamba fedha zingekoma Desemba. Nilipita shule baada ya shule kuaga, na katika kila ofisi nilitafuta maneno ya kueleza kwa nini tuliahidi mwaka mmoja zaidi ya tulioutimiza. Hakuna mwalimu aliyenilaumu. Mmoja alisema kwamba wao wamezoea, mashirika huja na kuondoka kama msimu wa korosho, na kauli hiyo, iliyotolewa bila hasira yoyote, iliniumiza kuliko lawama.

Mwaka jana nilikuwa na safari yangu binafsi upande ule, nikasimama katika shule ya mwembe. Mwalimu yule bado yupo. Nilimkuta saa sita na nusu, madarasa ya chini yakiwa yameruhusiwa, amebaki na watoto kama kumi na tano. Fomu zetu za ufuatiliaji hazikuwepo, na wala sikuziuliza. Kadi za maboksi zilikuwepo, zimelainika kwa kushikwa, na vizibo vya soda vya kuhesabia vilikuwa ndani ya kopo la rangi. Juu ya meza kulikuwa na daftari la mistari, la tano au la sita, lenye jalada jingine. Tulisalimiana, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akatazama jua.

"Kwa kuwa umekuja, mwalimu," alisema, "nichukulie hawa wanne."

Nilikaa kwenye mzizi wa mwembe. Wa kwanza alikuwa binti mdogo aliyefungua kitabu kisicho na jalada, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasita kwenye "mbwa", akarudi nyuma silabi moja, akalipata. Macho yake yalikuwa kitabuni. Nilimsikiliza hadi mwisho wa ukurasa, nikaweka alama, nikamwita wa pili.